Nilimpangia Mtani Wangu Njia ya Kuelekea Jua

Nianze na hili ili usipoteze muda kumtafuta mbaya wangu: mbaya ni mimi. Nilichofanya nilikifanya mchana kweupe, mbele ya watu, nikiwa na akili zangu timamu. Nakusimulia wewe kwa sababu hunijui. Wanaonijua sijawahi kuwaambia, hata mke wangu.

Kwetu ni Kwedizinga, Handeni. Mimi ni Mzigua, ila nimeishi Korogwe muda mrefu na nina duka la vipuri vya pikipiki pale mjini. Ukinikuta dukani utasema huyu mtu mpole. Hata msikitini wanasema hivyo.

Nje ya mji, upande wa tambarare, kuna shamba la zamani la mkonge lenye bwawa kubwa. Wazungu waliokuwa wanaliendesha walipenda kushindana humo kwa mashua ndogo za tanga. Walipoondoka waliziacha, na vijana wa kambi ya wafanyakazi waliokuwa wanawaoshea zile mashua wakazichukua. Waliziba matundu, wakashona matanga ya turubai, wakaunda chama. Watu wa Tanga wakisikia Korogwe kuna mbio za mashua wanatucheka, na tumeshawazoea. Siku ya shindano kubwa la mwaka tunapata watazamaji mpaka kutoka Kerenge.

Njia ya mashindano tunaiweka kwa madumu yaliyopakwa rangi, kila moja limefungwa kamba na jiwe chini. Kwa kila shindano mwanachama mmoja hashindani, kwa zamu, na huyo ndiye mpanga njia. Anasimama juu ya tuta la bwawa, anatazama upepo unatoka wapi na jua limefika wapi, kisha anaamua dumu gani likae wapi na mashua zimalizie wapi. Akishaitangaza njia hapingwi. Malalamiko yako utayatoa mashua zote zikisharudi, si kabla.

Usiichukulie poa kazi hiyo. Ukiweka njia ndefu ya kupigana na upepo, umewapendelea wazoefu. Ukiweka ya kona nyingi, umewapendelea vijana wenye mikono myepesi. Mpanga njia mwenye roho mbaya anaweza kummaliza mtu bila kumgusa, na hakuna atakayemshtaki.

Aliyenifundisha mimi mashua ni Mzee Maganga. Baba yake aliletwa kukata mkonge, manamba kutoka Unyamwezini, na yeye alizaliwa humo humo kambini. Tabora anaisikia redioni tu. Lakini Mnyamwezi ni Mnyamwezi, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu. Basi tulikuwa hatusalimiani kama watu wengine.

"Shikamoo, Mnyamwezi. Hujafa tu?"

"Marahaba, mtumwa wangu. Nakusubiri utangulie, nije nile ubwabwa wa arobaini yako."

Ndivyo tulivyokuwa, miaka na miaka. Nilimpenda yule mzee. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, maana mbele huko hutaliamini.

Mama yangu alifariki Kwedizinga baada ya kuugua kwa muda. Maganga alipanda basi akaja msibani kufanya kazi ya mtani. Alishika jembe akachimba kaburi, akawazuia waombolezaji njiani, akawatukana wajomba zangu mmoja mmoja, watu wakapumua kidogo. Hayo yote sawa, ndiyo kazi yake. Lakini tulipotoka makaburini alichukua fimbo, akajifunga khanga ya mama kichwani, akaanza kumwigiza.

Alitembea akiburuta mguu wa kushoto. Akapiga hatua mbili, akashika ukuta, akasonya, akawatukana kuku. Akapiga hatua nyingine mbili. Ua zima lilicheka. Shangazi zangu walicheka huku wanalia, wakawa wanapigana mabegani wakisema ni yeye kabisa, ni yeye mwenyewe.

Mimi nilicheka kwa meno tu. Na ngoja nikwambie kilichoniuma, maana hata mimi nilichelewa kukikubali. Mwendo ule nilikuwa sijawahi kuuona. Tangu mama aanze kuburuta mguu nilikuwa sijakanyaga Kwedizinga, nasema duka, nasema mzigo umefika, natuma vitu kwa watu wa mabasi. Mnyamwezi alikuwa amekwenda kumtazama mara nyingi kuliko mimi. Nilijifunza mwendo wa mwisho wa mama yangu mzazi kwa kumtazama mtani akiuigiza uani, na watu wote pale walikuwa wanaujua isipokuwa mimi.

Kukasirikia utani ni aibu kwetu. Anayekasirika anaonekana hana utu, wanamwambia hajui asili. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilirudi Korogwe na donge langu, na kila Maganga alipopita dukani tulitukanana kama kawaida, nikacheka kama kawaida.

Ukaja wakati wa shindano kubwa, na zamu ya kupanga njia ikawa yangu. Siku chache kabla, Maganga alikuja dukani. Safari hii hakunitukana. Alipapasa kwanza kile kiti cha plastiki kwa mkono, ndipo akakaa.

"Macho yangu yamekwisha, mwanangu," alisema. "Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Nimekwambia wewe peke yako."

Nilimuuliza kwa nini haendi kufanyiwa upasuaji. Akasema atakwenda, ameshakubali moyoni, lakini baada ya shindano. Binti yake Roza, anayeishi Dodoma, alikuwa ameanza kushtuka. Amemsikia kwenye simu akijikwaa, amesikia kwa majirani kwamba mzee anakosea mlango. Roza alitaka kumhamishia kwake, moja kwa moja. Kwa kubishana naye sana, wamekubaliana kitu kimoja: atakuja kwenye shindano. Akimwona baba yake anaendesha mashua mwenyewe na kurudi salama, atamwacha aishi kambini kwake. Akiona hawezi, wanaondoka wote.

"Nikienda Dodoma nitakaa kwenye kochi mpaka nife," alisema. "Mke wangu nimemzika hapa. Nyumba yangu naijua gizani. Huko hata choo nitaelekezwa."

Kisha akaniomba. Na hakuomba kushinda. Aliomba mwisho wa njia uwe mashariki, kwenye dumu jekundu. Shindano letu linakuwa alasiri kwa sababu ndipo upepo unapoamka, unatoka upande wa baharini. Ukienda mashariki unapigana na upepo lakini jua linakuwa mgongoni, na jua likiwa mgongoni yeye bado anaona. Jekundu analiona. Jua likimpiga usoni, alisema, anaona maziwa matupu.

"Unaweza kunifanyia hivyo?"

"Ondoa shaka, mtani," nilimjibu. Na wakati huo nilimaanisha, nakuapia.

Siku yenyewe ilifika. Watu walijaa juu ya tuta na ng'ombe wa Wamasai walikuwa wanakunywa maji ng'ambo kidogo, kama siku zote. Roza alikuja kunisalimia, mwanamke mtaratibu, sauti ya baba yake kabisa. Alisema, "Kaka, Baba anakutaja kila siku. Anasema hapa ana ndugu." Nikamtafutia kiti kivulini.

Maganga naye akatoka kwenye banda la mashua kwenda majini. Alikuwa ameshika kasia kama fimbo, anapapasa nalo njia, anaogopa mawe. Watu walianza kumtazama. Roza aliinuka kwenye kiti. Mzee akahisi anatazamwa, akafanya alichoweza kufanya upesi ili kuficha. Aliburuta mguu wa kushoto, akapiga hatua mbili, akasimama, akasonya.

"Natembea kama mkwe wangu wa Kwedizinga!" alisema kwa sauti. "Mwanawe yule pale juu, muulizeni!"

Watu wakacheka. Roza akacheka, akakaa. Mimi nilijua fika kwa nini amefanya vile. Nilijua anapapasa njia, nilijua anamdanganya binti yake na hana kitu kingine cha kumdanganyia. Nilijua yote hayo, na bado damu ilinipanda mpaka masikioni.

Nikawaita vijana wa mtumbwi. Nikawaambia dumu jekundu walipeleke mashariki liwe la kwanza kuzungukwa, bluu walitupe upande wa matete, na jeupe walilete huku magharibi, chini ya tuta. Mwisho uwe hapo kwenye jeupe.

Athumani, katibu wetu, aliniuliza, "Huoni jua litawapiga watu usoni njia nzima ya kurudi?"

"Wageni waone mwisho kwa karibu," nilimjibu. "Wametoka mbali."

Sababu nzuri, siyo? Ilinijia yenyewe tu mdomoni. Ubaya ukishaamua kuufanya huwa haukosi sababu nzuri.

Nikaitangaza njia kwa sauti. Maganga alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti, ameshika mashua yake. Niliposema "mwisho jeupe, magharibi," aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Angeweza kusema anaumwa tumbo akajitoa. Lakini Roza alikuwa pale juu anampungia mkono. Akasema, "Nimesikia," akapandisha tanga lake.

Kwenda, hakuna aliyemkaribia. Upepo aliusoma kwa mashavu, akakata kushoto, akakata kulia, vijana wenye macho mazima wakabaki nyuma wanahangaika na kamba. Dumu jekundu alilizunguka wa kwanza. Bluu alilizunguka kwa mbali kidogo, lakini alilizunguka. Roza alikuwa anapiga vigelegele. Kisha mashua ikageukia kwetu, kwenye jua, na nikaona kichwa chake kinahangaika huku na huku kama mtu anayefukuza nyuki.

Alikuja kwa kasi, upepo uko nyuma. Alianza kupinda. Alipinda kidogo, akanyoosha, akapinda tena, akaliacha dumu jeupe mkono wa kulia, mbali kabisa, akawa anaelekea ng'ambo waliko ng'ombe. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mweupe ameingia majini mpaka tumboni.

Maganga alikwenda moja kwa moja kwa yule ng'ombe. Alimzunguka vizuri, kwa ufundi wake wote, mashua ikakwama kwenye tope, naye akasimama akanyoosha mkono juu kama wanavyofanya washindi wetu.

Tuta zima liliangua kicheko. Na mimi, kwa vile haikunitosha, nilikinga mikono mdomoni nikapiga kelele: "Mnyamwezi amekwenda kuchagua ng'ombe wa mahari!"

Kicheko kikaongezeka maradufu. Maganga alikisikia, akadhani ni cha kumshangilia, akapunga. Akaupunga ule mkono, akageuka huku na huku, na kila alipogeuka watu walizidi. Mpaka yule Mmasai aliyekuwa anachunga aliposogea na kumwambia, taratibu kabisa, sauti ikatufikia juu ya maji: "Mzee, huyu ni ng'ombe."

Mkono ukashuka. Watu walinyamaza mmoja mmoja, kadiri walivyoelewa. Mtoto mmoja aliendelea kucheka peke yake mpaka mama yake akamziba mdomo.

Roza alishuka tutani akikimbia, akaingia majini na gauni lake. Alisimama mbele ya mashua, jua likiwa nyuma yake, hakusema neno. Alitaka kuona kama atamtambua. Maganga alimtazama, akasema, "Kijana, nisaidie kusukuma."

Vijana walimtoa majini, nguo zimelowa. Roza alikuja kwangu akiwa amelowa mpaka kifuani, akaniuliza mbele ya baba yake, "Kaka, wewe uko naye kila siku. Ulikuwa unajua kwamba haoni?"

Nikasema, "Sikujua."

Maganga alikuwa amesimama pale pale, ameshikwa mkono. Alisikia. Nilingoja aseme, na angesema ningekuwa nimekwisha kwenye ule mji. Aliinamisha uso, akasema, "Mwache, mama. Hakujua kitu." Kisha akaomba apelekwe akavue nguo mbichi.

Waliondoka kabla wiki haijaisha. Macho alifanyiwa huko huko Dodoma, na nasikia moja lilipata mwanga kidogo na la pili halikupata. Nyumba yake ya kambini wamepewa watu wengine, wamefuga bata. Mashua yake bado tunayo, vijana wanaifanyia mazoezi, na kila wakiitoa bandani nakuta nina kazi upande mwingine.

Unajua kilichonimaliza kabisa? Nilikwenda Kwedizinga, nikakaa na dada yangu Mwanaidi, yule aliyemuuguza mama. Katika mazungumzo tukamtaja Maganga. Dada akaanza kucheka peke yake. Akasema mzee yule alipokuwa akija kumtazama mama, mama mwenyewe ndiye alikuwa anamwambia, hebu nionyeshe ninavyotembea. Maganga anashika fimbo, anaburuta mguu, anawatukana kuku, na mama anacheka kitandani mpaka anakohoa.

"Alikuwa anamwambia, siku nikifa uwaonyeshe wanangu," dada alisema. "Hasa huyo wa Korogwe, maana yeye hajaona."

Nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya choo nikalia kama mtoto, mtu mzima na mvi zangu. Alikuwa amepewa ujumbe, akauleta, na mimi nikamlipa vile.

Niliporudi Korogwe nilitafuta namba yake. Nilipanga nimwombe radhi, lakini nilipanga kuanza na utani kwanza, kama zamani, ili njia ifunguke. Roza alipokea, akampa.

"Shikamoo, Mnyamwezi," nilisema. "Hujafa tu?"

Nikasikia anaweka sauti yake sawa.

"Marahaba, bwana," akasema. "Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nyumbani kwako hawajambo wote?"

Nikamtukana tena, matusi yetu yale mazuri. Nikamwambia nasikia Dodoma wamemchoka, arudi mtumwa wake amlishe. Akaniacha mpaka nikamaliza.

"Nashukuru sana kwa kunikumbuka, bwana," akasema. "Nisalimie wanachama wote. Mungu akubariki na kazi zako."

Kama hukuzaliwa na watani huwezi kuelewa. Mtu akikutukana ana nafasi yako moyoni mwake. Maganga aliongea na mimi kama anavyoongea na afisa wa serikali. Radhi niliyokuwa nimeiandaa haikupata pa kuingilia. Ningemwomba nini mtu ambaye hana ugomvi na mimi, ananishukuru, ananiombea?

Sasa wewe unayenisoma. Kama kuna mtu amekuuma, mwendee umwambie umeniuma, hata kama desturi inasema usikasirike. Aibu ya kukasirika itapita. Usilichukue donge lako ukalivisha mzaha, halafu ukangoja siku mwenzako atakapokuonyesha mahali anapoumwa ndipo umpige hapo hapo. Akikwambia jua likinipiga usoni sioni, amekukabidhi maisha yake. Ukimgeuzia hilo jua, hata akikusamehe humpati tena.

Mimi nampigia kila mwezi. Kila mwezi namtukana, na kila mwezi ananijibu kwa adabu.